Merikebu Jiyuan na Nahodha Wake

Safari hii tunataka kuwasimulia habari za merikebu moja ya vita ya Wachina, iliyopita zamani. Labda wengine watauliza: Merikebu ya Wachina yatuhusu nini sisi? Tunajibu: Haikuwa merikebu kubwa kupita nyingine, wala haikushinda vita hata moja chini ya bendera ya kwao. Lakini kwa ajili yake mtu mmoja alikatwa kichwa, na mpaka leo wenye kujua mambo ya kale hawajapatana kama alistahili au hakustahili. Sisi tumesoma habari hizo kwa muda mrefu, tukaona vema kuzileta mbele yenu mzipime wenyewe.

Jina la merikebu ni Jiyuan. Wachina huliandika kwa alama mbili: ya kwanza yaonyesha kuvuka au kusaidia, ya pili yaonyesha mbali. Merikebu nyingi za kundi lake zilikuwa na hiyo alama ya «mbali» mwishoni mwa majina yao: Dingyuan, Zhenyuan, Zhiyuan, Laiyuan. Msomaji asichanganyikiwe, maana majina yanafanana kama ya watoto wa nyumba moja.

Yapasa kwanza tuseme kwa nini Wachina walinunua merikebu za namna hii. Katika karne iliyopita kabla ya ile ya 1900, Wazungu waliingia Uchina kwa mizinga, wakafungua bandari kwa nguvu. Kisha mwaka 1874 Wajapani nao, jirani wadogo ambao Wachina waliwadharau, walishusha askari katika kisiwa cha Taiwan. Hapo mkubwa mmoja wa serikali, jina lake Li Hongzhang, aliyetawala jimbo la Zhili upande wa kaskazini, akaona wazi kwamba nchi isiyo na merikebu za chuma ni kama nyumba isiyo na mlango. Akaagiza merikebu Uingereza, akaagiza nyingine Ujerumani. Huko Ujerumani, katika mji wa Stettin (leo ni mji wa Poland, nao waitwa Szczecin), kiwanda cha Vulcan kilimtengenezea merikebu mbili kubwa mno, Dingyuan na Zhenyuan, na ya tatu iliyo ndogo, ndiyo Jiyuan.

Jiyuan iliteremshwa majini mwezi wa Desemba 1883. Urefu wake ulikuwa kama meta 72, uzito wake kama tani 2,300. Mbele ilikuwa na mizinga miwili ya Krupp, yenye mdomo wa santimeta 21, imekaa pamoja ndani ya boma la chuma la mviringo. Nyuma ilikuwa na mzinga mmoja wa santimeta 15. Merikebu ya namna hii mabaharia huiita kruza: si nzito kama zile kubwa za kupigana bega kwa bega, wala si nyepesi kama mashua za kupeleleza, kazi yake ni kwenda mbali, kulinda wengine na kukimbiza adui. Mwendo wake ulikuwa maili 15 za bahari kwa saa, yaani karibu kilometa 28. Kwa mwaka 1883 haikuwa mbaya. Kumbukeni hesabu hiyo, maana itarudi.

Merikebu ilipokuwa tayari, haikuweza kwenda kwa wenyewe. Mwaka 1884 Uchina na Ufaransa walianza kupigana kwa ajili ya nchi ya Tonkin, na Ujerumani haikutaka kuonekana kwamba inamsaidia mmoja wao. Basi merikebu tatu zikakaa Ujerumani zimefungwa kamba, na huku tarehe 23 Agosti 1884 Wafaransa waliliangamiza kundi zima la merikebu za Wachina huko Fuzhou kwa muda mfupi sana. Vita vilipokwisha ndipo zilipoondoka, mwezi wa Julai 1885, zikiendeshwa na mabaharia Wajerumani chini ya bendera ya Kijerumani. Zilifika Uchina kabla ya mwaka kwisha.

Manung'uniko yakaanza mara. Wenye ujuzi walisema sitaha ya chuma iliyopaswa kukinga mitambo imewekwa chini mno, hata maji yaweza kuingia juu yake. Tena boma la mizinga ni jembamba na finyu. Balozi aliyesimamia ununuzi, Li Fengbao, alishitakiwa kwamba amekula fedha. Tuseme tu kwamba merikebu zilizoagizwa baadaye zilichorwa upya ili kuepuka makosa ya Jiyuan. Kwa hiyo ilikuwa kama mtoto wa kwanza ambaye wazazi wanajifunzia malezi kwake.

Nahodha aliyepewa Jiyuan aliitwa Fang Boqian. Alizaliwa mwaka 1854 katika mkoa wa Fujian, na tangu ujana wake alisomea ubaharia katika shule ya Fuzhou, ile iliyoanzishwa mwaka 1866 kwa msaada wa Mfaransa Prosper Giquel. Mwaka 1877 serikali ilichagua vijana wa shule hiyo kwenda kusoma Ulaya, naye akawa mmoja wao. Akasoma Uingereza katika chuo cha Greenwich. Wenzake wa safari ile ni watu ambao Wachina wanawataja mpaka leo: Yan Fu, aliyekuwa baadaye mfasiri mkubwa wa vitabu, Sa Zhenbing, aliyefika kuwa amirali, Lin Yongsheng, Liu Buchan na Lin Taizeng, waliokuja kuwa manahodha kama yeye. Hakuwa mjinga basi, wala hakupewa merikebu kwa upendeleo tu. Alijua Kiingereza, alijua hesabu za nyota na mitambo. Tunasema hayo kwa sababu wengine wakimtaja husema «yule mwoga», kama kwamba hakuwa na neno lingine maishani mwake.

Mwezi wa Agosti 1886 Jiyuan ilikwenda pamoja na Dingyuan, Zhenyuan na Weiyuan katika bandari ya Nagasaki, nchi ya Japani. Wachina walitaka kuonyesha nguvu zao, nao wakazionyesha vibaya. Mabaharia walishuka mjini, wakalewa, wakagombana na polisi. Siku mbili baadaye wakagombana tena, na watu wa pande zote mbili wakafa. Wajapani hawakusahau. Tangu siku zile walikaza nia ya kujenga kundi la merikebu liwezalo kuzishinda zile mbili kubwa za Kijerumani. Walinunua Ulaya, wakajenga kwao, wakafundisha vijana wao pasipo kupumzika.

Na Wachina? Mwaka 1888 waliliandikia kundi lao la kaskazini sheria zake, wakaliita Beiyang, wakamweka Ding Ruchang kuwa amirali. Huyu Ding alikuwa askari wa farasi hapo kwanza. Alikuwa mtu hodari na mpole, lakini manahodha wake waliosoma Ulaya walimwona kuwa si wa ukoo wao. Toka mwaka ule hawakununua tena merikebu kubwa hata moja. Fedha za bahari zilikwenda kutengeneza bustani na majumba ya Malkia Cixi. Merikebu ni kama shamba: ukiiacha miaka sita bila kulima, usishangae ukikuta magugu. Mitambo ya Jiyuan ilizeeka, na mwendo wake ukapungua.

Mwaka 1894 watu wa Korea walioitwa Tonghak waliasi. Mfalme wa Korea aliomba msaada kwa Uchina. Uchina ikapeleka askari, na Japani nayo ikapeleka wa kwake bila kuitwa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zilikuwa Wakorea. Tarehe 23 Julai Wajapani waliingia kwa nguvu katika jumba la mfalme mjini Seoul. Vita vilikuwa bado havijatangazwa. Siku zile Jiyuan ilikuwa imetumwa kusindikiza askari wa Kichina hadi Asan, katika pwani ya magharibi ya Korea.

Tarehe 25 Julai, alfajiri, Jiyuan ilitoka Asan pamoja na merikebu ndogo Guangyi. Karibu na kisiwa cha Pungdo zilikutana na kruza tatu za Kijapani: Yoshino, Naniwa na Akitsushima. Yoshino ilikuwa imetoka kiwandani Uingereza mwaka 1893, mpya kabisa, nayo ilikwenda maili 23 kwa saa. Mizinga yake ilipiga upesi upesi, mara nyingi kabla mzinga wa zamani haujajazwa tena. Kabla ya saa mbili za asubuhi moto ulianza. Nani alipiga wa kwanza? Kila upande ulisema ni mwenzake.

Makombora ya kwanza yaliipata Jiyuan mbele, pale juu walipokuwa wakubwa. Shen Shouchang, msaidizi wa kwanza wa nahodha, alikuwa amesimama karibu na Fang. Kombora lilimpiga kichwani akafa papo hapo. Ke Jianzhang, msaidizi wa pili, akafa naye. Wapigaji wa mizinga ile miwili ya mbele waliangushwa mmoja baada ya mwingine, na mizinga ikanyamaza. Guangyi iliyokuwa ndogo na dhaifu ilipigwa hata ikakimbilia ufukoni, ikakwama na kuharibika kabisa. Fang akageuza usukani, akakimbia kuelekea magharibi, kwenda Weihaiwei. Yoshino ikamfuata.

Hapa ndipo pana doa la kwanza. Wajapani waliandika kwamba Jiyuan ilipandisha bendera nyeupe, kisha na bendera ya Kijapani chini yake, lakini haikusimama, ikaendelea kukimbia. Baharini, kama nchi kavu, mwenye kuinua bendera nyeupe yampasa aache vita na kukaa. Ukiinua kitambaa cheupe huku miguu yakimbia, umemdanganya adui, tena umewatia hatarini wengine watakaokiinua kesho kwa moyo mnyofu. Hatuwezi kumsifu Fang kwa jambo hilo.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Vitabu vya Wachina vyasimulia kwamba katika kukimbia huko mabaharia wawili, Wang Guocheng na Li Shimao, walishika mzinga wa nyuma, wa santimeta 15, wakaipiga Yoshino mara nne, na mara tatu wakaipata. Na Yoshino ikarudi nyuma. Wajapani hawakubali kwamba waliumizwa kitu. Husema waliacha kufuata kwa sababu nyingine, maana maji yalikuwa hayana kina. Vyovyote vilivyokuwa, merikebu ya maili 23 haikuipata merikebu ya maili 15 iliyojaa maiti na majeruhi. Jiyuan ilifika Weihaiwei.

Kuna doa jingine, na kwetu sisi ni zito kuliko bendera. Wakati Jiyuan ilipokuwa ikikimbia, ilipishana baharini na merikebu mbili zilizokuwa zikija Asan bila kujua kitu: mashua ya vita Caojiang, na Kowshing, merikebu ya Waingereza iliyokodiwa, imebeba askari wa Kichina kama 1,100. Jiyuan haikusimama kuwalinda. Ingewezaje? Mizinga yake ya mbele imenyamaza, na kruza tatu zi nyuma yake. Lakini ishara ya kuwaonya waziwazi wageuke haikufika kwao, nao wakaendelea mbele. Akitsushima iliikamata Caojiang. Naniwa, chini ya nahodha Togo Heihachiro, iliisimamisha Kowshing. Nahodha Mwingereza, Galsworthy, alikubali kufuata amri, lakini askari wa Kichina walikataa kutekwa, wakamzuia. Mashauri yakaendelea karibu masaa manne. Kisha Togo akainua bendera nyekundu, akaipiga kwa mizinga mpaka ikazama. Wajapani waliwaokota baharini Wazungu tu. Askari zaidi ya 800 walikufa majini. Waliookoka ni wale waliofika visiwani, wakachukuliwa baadaye na merikebu za Wajerumani, Wafaransa na Waingereza. Mmoja wao, Mjerumani von Hanneken, aliokoka kwa kuogelea.

Vita vilitangazwa tarehe 1 Agosti, siku saba baada ya watu hawa kufa.

Fang hakuadhibiwa wakati huo. Amirali Ding aliulizauliza habari, akamwacha katika cheo chake. Merikebu ikatengenezwa, maiti zikazikwa. Lakini maneno yalianza kutembea bandarini na katika magazeti. Wengine walisema alikuwa amejificha chini wakati wa moto. Shen aliyekufa kando yake angeweza kusema kama ni kweli, lakini wafu hawatoi ushahidi. Sisi twafikiri hivi: mtu akisha kusemwa vibaya mara ya kwanza, mara ya pili hukumu yake huwa nusu imekwisha kuandikwa.

Mara ya pili ikaja tarehe 17 Septemba 1894. Kundi la Beiyang lilikuwa limesindikiza askari mpaka mlango wa mto Yalu, mpakani mwa Korea na Uchina. Mchana, kabla ya saa saba, Wajapani wakatokea chini ya amirali Ito Sukeyuki. Wachina walijipanga merikebu kumi kwa safu moja, ubavu kwa ubavu: katikati zile mbili kubwa, Dingyuan na Zhenyuan, mwisho wa mkono wa kuume Chaoyong na Yangwei, mwisho wa mkono wa kushoto Jiyuan, na pamoja nayo Guangjia. Wawekeni vema akilini, wasomaji: Yangwei upande mmoja, Jiyuan upande wa pili.

Mapema kabisa jambo baya likatokea. Dingyuan ilipopiga mizinga yake mizito, mtikiso uliangusha daraja alilosimama amirali Ding, naye akaumia vibaya. Muda si mrefu vifaa vya kupandishia bendera za amri vikavunjwa na makombora. Toka hapo kundi zima lilikuwa halina kinywa. Kila nahodha akafanya kama alivyoona. Chaoyong na Yangwei, merikebu nzee, zikawaka moto. Yapata saa tisa na nusu Zhiyuan ya nahodha Deng Shichang, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ile ile ya Fuzhou pamoja na Fang, ilikwenda mbio kuikabili adui, ikapasuka, ikazama. Deng alikataa kuokolewa. Baadaye Lin Yongsheng, yule aliyesoma Greenwich pamoja na Fang, alikufa na merikebu yake, nayo ikazama.

Na Jiyuan ikaondoka vitani, ikaenda Lushun. Guangjia ikaifuata, gizani ikapanda mwamba, na siku chache baadaye ikaangamizwa. Vita vilikwisha jioni. Wachina walipoteza merikebu tano, Wajapani hawakupoteza hata moja, ingawa nyingine ziliumia sana. Kundi lililobaki lilifika Lushun asubuhi ya tarehe 18, na wakaikuta Jiyuan imekwisha tia nanga.

Tarehe 24 Septemba, alfajiri, Fang Boqian alikatwa kichwa huko Lushun. Alikuwa na umri wa miaka 40. Hesabuni siku: ni saba toka vita. Hapakuwa na baraza, hapakuwa na mashahidi walioulizwa mbele yake. Simu ilikwenda kutoka kwa wakubwa wa kundi hadi kwa Li Hongzhang, kutoka kwa Li hadi kwa Kaisari, na amri ikarudi kwa simu. Mashitaka yalikuwa kwamba mara Zhiyuan ilipozama yeye alikimbia wa kwanza, akavunja safu, na katika kukimbia akaigonga Yangwei na kuiharibu.

Tunapenda kuyatazama mashitaka hayo polepole, kama wazee barazani, ambao hawakati neno kabla ya kusikia pande mbili.

Kwanza, ya kuigonga Yangwei. Tulisema Yangwei ilikuwa mwisho wa kuume, na Jiyuan mwisho wa kushoto. Ili kuigonga ingepaswa kuvuka uwanja wote wa vita, katika moto wote, na mwoga hakimbii kwa njia hiyo. Ni kweli kwamba vita vilipochanganyika kila merikebu ilipoteza mahali pake, kwa hiyo si jambo lisilowezekana kabisa. Lakini ni shitaka la kuuliziwa sana, nalo halikuuliziwa.

Pili, ya saa ya kuondoka. Kutoka mlangoni mwa Yalu mpaka Lushun merikebu nzima ingefika mapema usiku, kama iliondoka saa tisa na nusu za mchana. Jiyuan ilifika usiku wa manane umepita, masaa machache tu kabla ya kundi lililokuwa likijikokota na vidonda vyake. Wanaomtetea Fang husema: Basi hakuondoka mapema kama mlivyosema, au merikebu yake ilikuwa imevunjika hata ikatambaa. Wanaomshitaki hujibu kwamba alizunguka njia ndefu kwa kuogopa Wajapani.

Tatu, mashahidi. Mjerumani mmoja, Hoffmann, mtengenezaji wa mitambo, alikuwamo ndani ya Jiyuan yenyewe siku ile. Alishuhudia kwamba nahodha Fang alipigana kwa ushujaa na akili mpaka mizinga ikaharibika, ndipo akaondoka kwa kuwa hana la kufanya zaidi. Mmarekani mmoja, Philo McGiffin, aliyekuwa katika Zhenyuan, aliandika katika gazeti la kwao mwaka 1895 maneno makali, akimwita Fang mkimbizi. Tumsadiki nani? McGiffin alikuwa shujaa wa kweli. Siku ile aliungua na kuumia sana, hata afya yake haikurudi tena. Lakini alikuwa katika merikebu nyingine, katikati ya moshi, naye aliona mgongo tu wa Jiyuan. Hoffmann aliona yaliyo ndani. Na tena yawezekana Hoffmann alikuwa na sababu ya kutetea, maana yeye mwenyewe alikimbia pamoja na merikebu ile.

Nne, na hili ndilo linalotuuma zaidi: Guangjia nayo ilikimbia. Nahodha wake, Wu Jingrong, alikimbia na akaipoteza merikebu mwambani. Fang aliirudisha ya kwake. Wu alinyang'anywa cheo tu, akabaki hai, akafanya kazi ya bahari miaka mingi baadaye. Kosa moja, siku moja, adhabu mbili. Kwa nini? Wengine husema Fang alikuwa na adui kati ya wenzake. Wengine, kwamba ilitakiwa damu ya mmoja ili wakubwa waliokula fedha za merikebu wasiulizwe. Sisi tunaona hili la pili halihitaji ushahidi wa siri. Serikali iliyoshindwa hutafuta shingo iliyo karibu.

Je, tunasema kwamba hakuwa na kosa? Hapana. Hata kama mizinga ilivunjika, merikebu nyingine zilizovunjika zilibaki. Laiyuan iliungua nusu mzima, ikabaki. Nahodha akiona rafiki zake wanazama, na bado chombo chake kinaelea, ana deni kwao, angalau la kuokota watu majini. Pale Pungdo aliiacha Kowshing nyuma. Pale Yalu aliwaacha wenzake nyuma. Mara mbili ni nyingi. Lakini kosa la kuondoka ni jambo moja, na kuuawa bila kusikilizwa ni jambo jingine, wala la kwanza halifuti la pili.

Jiyuan ikapewa nahodha mpya, Lin Guoxiang, yule aliyekuwa na Guangyi siku ya Pungdo. Tusimulie upesi yaliyofuata, maana ni ya kuhuzunisha na yanajulikana. Lushun ilitekwa mwezi wa Novemba 1894, na kundi likajifungia Weihaiwei na kisiwa chake cha Liugong. Mwezi ule Lin Taizeng, ambaye Zhenyuan yake ilikuwa imegonga mwamba, alijiua. Mwishoni mwa Januari 1895 Wajapani waliteka ngome za pwani, wakaigeuzia bandari mizinga ya Wachina wenyewe. Usiku mashua zao za torpido ziliingia. Dingyuan ikapasuliwa, Laiyuan ikazamishwa. Liu Buchan akajiua. Tarehe 12 Februari amirali Ding alikunywa sumu. Miezi mitano haikupita toka kifo cha Fang, na wengi wa wale waliosoma pamoja naye walikuwa wamemfuata.

Merikebu zilizobaki zilitolewa kwa Wajapani. Wajapani waliacha moja tu ndogo, Kangji, ili ichukue jeneza la Ding, kwa kumheshimu.

Hivyo Jiyuan ikapata bendera nyingine. Wajapani hawakubadili jina lake. Alama zile zile mbili wao huzisoma Saien, basi ikaitwa Saien. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule 1895 ilikwenda kusini kuzipiga ngome za Takao katika Taiwan, ikiwa safu moja na Yoshino, Naniwa na Akitsushima, wale wale watatu walioikimbiza Pungdo. Chuma hakina kumbukumbu, lakini kama kingekuwa nayo! Miaka iliyofuata ilikuwa merikebu ya kazi ndogondogo, mzee anayetumwa kuchota maji.

Mwaka 1904 Japani ilipigana na Urusi, na Warusi walikuwa wamejiimarisha Lushun. Mwezi wa Mei mwaka ule Yoshino, ile ya maili 23, iligongwa na merikebu ya wenzake katika ukungu, ikazama na watu wengi. Saien iliendelea. Mwezi wa Novemba Wajapani walikuwa wakishambulia kilima kinachoitwa cha Meta 203, ambapo maelfu ya askari walikufa, na merikebu ndogo zilitumwa upande wa magharibi kuwasaidia kwa mizinga kutoka baharini. Tarehe 30 Novemba Saien iligonga bomu lililotegwa majini, ikazama kwa dakika chache pamoja na nahodha wake, Tajima, na baadhi ya watu wake. Siku tano baadaye kilima kikatekwa.

Mahali ilipozama ni karibu na Lushun. Ni mji ule ule ambapo, miaka kumi na miezi miwili kabla, nahodha wake wa kwanza alipigishwa magoti alfajiri.

Ilikaa chini ya maji miaka zaidi ya 80. Katika miaka ya 1980 wazamiaji wa Kichina waliifikia, wakatoa vitu vingi. Na mwaka 1991 wenye elimu ya mambo ya kale walikutana katika mji wa Fuzhou, kwa Fang mwenyewe, wakajadiliana habari zake. Wengine walitoka wakisema amedhulumiwa, wengine wakisema ni mkimbizi kama ilivyoandikwa.

Mizinga miwili ya Krupp, ile ya mbele iliyonyamaza asubuhi ya Pungdo, ilitolewa baharini, ikapelekwa kisiwani Liugong katika nyumba ya ukumbusho wa vita hivyo. Iko pale mpaka leo, imelazwa ubavu kwa ubavu kama ilivyokuwa ndani ya boma lake, nayo kutu imeila kwa nje.